Hamira Iliyopewa Jina la Pombe

Ulezi ukishalowekwa usiku kucha hutandazwa juu ya gunia au majani ya mgomba, ukafunikwa. Siku ya pili punje huanza kutoa vijimzizi vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea. Mpishi huupekua kwa vidole asubuhi na jioni, na akiona vijimzizi vimetosha huuanika juani upesi, maana kimea kikipitiliza utamu hupotea. Kisha husagwa. Uji hupikwa, ukipoa hutiwa kimea, na vyote humiminwa mtungini. Wapo wapishi wenye mtungi mmoja wa kazi hiyo tu, nao hawausugui sana, kwa sababu mashapo yaliyoganda chini tangu upishi uliopita ndiyo yatakayouamsha upishi mpya. Kesho yake ukitega sikio mdomoni mwa mtungi utasikia kitu kinachemka bila moto.

Tangu punje inapochipua hadi povu linapopanda, kuna kitendo kimoja kinachojirudia mara mabilioni. Seli inakula, inakua, inafika kimo chake, inajigawa kuwa mbili, na hizo mbili zinaanza upya. Vijimzizi vya ulezi hurefuka hivyo, na mashapo ya mtungini huongezeka hivyo hivyo. Mwilini mwako wewe unayesoma, uboho wa mifupa unatengeneza seli nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Swali lililowahangaisha wataalamu kwa miaka mingi ni fupi: seli hujuaje kwamba wakati wa kugawanyika umewadia? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana ndani ya hamira inayobeba neno letu la Kiswahili. Hamira hiyo inaitwa pombe. Watu wanaozungumza lugha hii wanastahili kuijua habari yake.

Mwaka 1893 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuitwaa pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, na huko Uhehe Mkwawa alikuwa bado hajawainamia. Miongoni mwa vitu vilivyovuka bahari kutoka Afrika Mashariki kwenda Ujerumani katika miaka hiyo ilikuwamo pombe ya nafaka. Ilikuwa na uchachu, na wataalamu wa bia wakataka kujua uchachu ule umetoka wapi. Paul Lindner, mtaalamu wa hamira mjini Berlin, aliyachukua mashapo yake akayaweka chini ya hadubini.

Alichokiona hakikufanana na hamira aliyoizoea. Hamira ya mkate na bia ya Ulaya ni mviringo kama yai, na huzaa kwa kuchipuza: kijidonge hutokeza ubavuni mwa seli mama, kikanenepa, kikajitenga. Hii ya pombe ilikuwa kama fimbo fupi yenye ncha za mviringo. Ilirefuka, ukajengeka ukuta katikati, ikakatika vipande viwili vilivyolingana. Lindner akaipa jina la kisayansi kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka, sukari na kuvu, na mwishoni akaweka neno la wale walioipika: Schizosaccharomyces pombe. Jina la Lindner limo vitabuni hadi leo. La aliyeloweka nafaka ile, akaisaga na kuupoza uji, halimo, ingawa bila mikono yake kusingekuwa na cha kuwekwa chini ya hadubini.

Lindner hakushangaa kuona seli ikijikata. Angeiona miaka 60 kabla ya hapo asingejua la kusema, kwa sababu wakati huo hapakuwa na makubaliano kuhusu seli zinatoka wapi.

Seli zenyewe zilijulikana zamani. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome laini, lile la kuzibia chupa, akaona vyumba vidogo vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vijumba vya watawa. Lakini miaka zaidi ya 170 ilipita kabla Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839, kutangaza kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Hapo walipatia. Walipoulizwa seli mpya hutoka wapi wakakosea: waliamini kwamba huganda zenyewe katika ute wa mwili, kama chumvi inavyoganda maji yakikauka.

Aliyelivunja wazo hilo ni Robert Remak, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa mtu huyu hakutendewa haki. Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Posen mwaka 1815, akasomea udaktari Berlin. Sheria za Prussia ziliwazuia Wayahudi kufundisha chuo kikuu mpaka wabatizwe, naye alikataa kuibadili dini yake kwa ajili ya kazi. Akafanya utafiti bila cheo. Alipasua mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga, akachukua damu, na chini ya hadubini akazikuta seli za damu zilizobanwa kiunoni, kila upande ukiwa na kiini chake, zimeunganishwa na kikonyo chembamba kilichokaribia kukatika. Miaka ikapita akiangalia tena na tena, katika tishu nyingine pia, na mwaka 1852 akaandika waziwazi: seli za wanyama hazigandi kutoka katika ute, kila moja hutokana na seli iliyojigawa. Miaka mitatu baadaye Rudolf Virchow, daktari maarufu kuliko yeye, aliandika kauli ya Kilatini yenye maana kwamba kila seli hutoka katika seli, na dunia ikaikumbuka kauli hiyo kwa jina la Virchow. Wanafunzi wetu bado wanaikariri hivyo. Remak alipata nafasi ya kufundisha mwaka 1847, wa kwanza kwa Wayahudi wa Berlin, lakini uprofesa kamili hakuupata hadi alipofariki mwaka 1865.

Baada ya kujulikana kwamba seli hujigawa, likabaki la kutazama inafanyaje. Walther Flemming, huko Kiel, alifanya kazi hiyo kwa subira ya mfumaji wa mikeka. Alitumia viluwiluwi vya salamanda, amfibia mwenye umbo la mjusi ambaye seli zake ni kubwa na ngozi ya mkia wake inapitisha mwanga. Akazitazama zikiwa hai, kisha akatumia rangi mpya za viwandani ambazo zilikolea ndani ya kiini na kuacha sehemu nyingine. Ndani ya kiini akaona nyuzi. Nyuzi zilijikunja zikawa nene na fupi, zikajipanga katikati ya seli, kila mmoja ukapasuka kwa urefu wake, na nusu zikavutwa huku na huku kama pande mbili zinazovutana kamba. Mwaka 1882 alichapisha kitabu chenye michoro ya hatua hizo, na kutokana na neno la Kigiriki la uzi akakiita kitendo hicho mitosisi. Nyuzi zenyewe zilipewa jina la kromosomu mwaka 1888. Ukiiweka michoro ya Flemming kando ya picha za hadubini za leo, utapata shida kuona alipokosea.

Hivyo namna ya kugawanyika ikajulikana. Kwa nini seli ijigawe sasa wala si jana, hilo hakuna aliyelijua.

Jaribio moja la mwaka 1928 lilionyesha pa kuanzia. Max Hartmann, Mjerumani, alifuga amiba, kiumbe cha seli moja. Kila amiba ilipokaribia ukubwa wa kugawanyika, yeye aliikata kipande. Amiba ikala, ikakua, ikakaribia tena, akaikata tena. Akaendelea hivyo kwa takriban miezi minne, na muda huo wote amiba ile haikujigawa, ilhali zilizoachwa kando ziligawanyika kila baada ya siku chache. Kwa hiyo saa peke yake haikuamua chochote. Seli ilikuwa inajipima, na isipofika kipimo haijigawi. Lakini chombo cha kupimia kilikuwa nini, na nani anayekisoma?

Mwaka 1953 Alma Howard na Stephen Pelc, waliokuwa London, walitumia mizizi ya maharage na fosforasi yenye mnururisho kuonyesha kwamba seli hainakili DNA yake muda wote. Kuna kipindi cha kukua, halafu kipindi cha kunakili, halafu kituo kingine, ndipo mgawanyiko. Maisha ya seli yakaonekana kuwa safari yenye vituo, na safari yenye vituo lazima iwe na mtu wa kuruhusu gari liondoke.

Hapo hamira ya pombe inarudi katika simulizi, na inarudi kwa sababu ya umbo lake. Murdoch Mitchison, mtaalamu wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, alitaka kupima seli moja inavyokua dakika kwa dakika. Seli nyingi hutanuka kila upande, na kuzipima ni taabu. Hamira ya pombe hainenepi. Upana wake hubaki mikromita 3 hadi 4, na hurefuka tu, kutoka mikromita 7 au 8 inapozaliwa hadi 14 hivi inapojikata. Seli kama 70 zilizofika kimo zikipangwa mstari zinatimiza milimita moja. Kwa hiyo ukijua urefu wake umejua umri wake: seli yenyewe ni rula. Mitchison akaanza kuipima katika miaka ya 1950 na hakuiacha tena. Nchini Uswisi Urs Leupold alikuwa amekwisha kujenga jenetiki ya hamira hiyohiyo, kwa kuzioanisha seli zake na kufuatilia watoto wao. Ukweli usemwe, mbegu ya Leupold haikutoka katika mtungi wa Kiafrika. Ilitoka katika maji ya zabibu ya Ufaransa, ilikochukuliwa mnamo miaka ya 1920, na maabara nyingi za dunia leo zinatumia kizazi chake. Ni aina ileile aliyoitambua Lindner, na jina liliambatana nayo kila ilikokwenda.

Kisha akaja Paul Nurse. Alizaliwa Norwich mwaka 1949 katika familia ya wafanyakazi wa kawaida. Alifeli mtihani wa Kifaransa mara 6, na bila somo la lugha vyuo vikuu vya Uingereza havikumpokea, kwa hiyo akapata kibarua cha ufundi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Guinness. Chuo kikuu cha Birmingham hatimaye kilimpokea. Baada ya shahada ya uzamivu alikwenda Bern kujifunza jenetiki ya hamira kwa Leupold, kisha Edinburgh kwa Mitchison. Alikuwa amesoma kuhusu kazi ya Lee Hartwell huko Seattle, Marekani, ambaye kwa kutumia hamira ya mkate alikuwa amezikamata jeni nyingi ambazo zikiharibika seli hukwama katikati ya kugawanyika. Hesabu ya Hartwell ilikuja kupita jeni 100. Nurse akataka kufanya vivyo hivyo kwa hamira ya pombe.

Mbinu yake ilikuwa hivi. Unaziharibu jeni za hamira kwa kemikali, kila seli ikaharibika mahali pake. Unazikuza katika nyuzijoto 25, zinakua bila tatizo. Unapandisha joto hadi 35 au 36, na zile ambazo jeni yao ya mgawanyiko ina kasoro zinashindwa kujikata. Lakini hazishindwi kukua. Zinarefuka, zinarefuka, mpaka zinakuwa kama tambi. Nurse alikuwa anatafuta tambi. Siku moja, katika kutazama, akaona kinyume chake: seli fupi, zilizokuwa zinajigawa zikiwa na karibu nusu ya urefu wa kawaida. Waskochi wana neno lao la kila siku kwa kitu kidogo, wii, ambalo wao huliandika wee. Jeni ile akaiita wee1.

Mtu mwingine angezipita seli zile. Umuhimu wa seli hizo ni huu. Lori likisimama njiani, sababu zaweza kuwa 100: pancha, mafuta kwisha, redieta kuvuja. Ukijua mojawapo hujajua kinachoongoza mwendo. Lakini lori linaloteremka mlima wa Kitonga likianza kwenda mbio kupita kiasi, sababu haziwi nyingi. Ama breki zimekatika, ama mtu amekanyaga mafuta. Seli ya tambi ilikuwa gari lililosimama. Seli fupi ilikuwa gari lililokimbia, likafika kwenye mgawanyiko kabla ya kukua vya kutosha. Kwa hiyo wee1 ilikuwa breki, na Nurse alikuwa ameshika kitu kinachoamua mwendo wenyewe. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1975.

Yeye na wenzake wakaendelea kuzisaka seli fupi nyingine. Ni kazi ya kuchosha, kutazama sahani baada ya sahani. Wakazipata karibu 50, na zote isipokuwa moja zilikuwa na kasoro ileile ya wee1. Hiyo moja ilikaribia kupotea. Sahani yake ilikuwa imeota kuvu, jambo linalomfanya mtafiti aitupe bila kuwaza. Ilikuwa Ijumaa jioni, mvua inanyesha, naye Nurse amechoka na seli fupi. Akaitupa kwenye pipa la taka, akapanda baiskeli, akaenda nyumbani. Baada ya chakula cha jioni moyo ukamsuta. Akarudi kwa baiskeli katika mvua ileile, akaitoa sahani pipani, akaitenga seli ile na kuvu.

Haikuwa wee1. Kasoro yake ilikuwa katika jeni iliyokwisha kujulikana kwa namba tu, cdc2, mojawapo ya zile ambazo zikiharibika seli hugeuka tambi. Jeni moja, kasoro mbili: ikizimika, seli haijigawi kabisa; ikipata kasoro ya aina nyingine, seli inajigawa mapema. Hiyo haiwezi kuwa kipuri cha kawaida. Ndiyo injini inayodhibitiwa na breki, na kila kilichokuja baadaye kimejengwa juu ya sahani ile iliyotoka pipani.

Jinsi inavyofanya kazi ilifumbuliwa katika miaka ya 1980. Cdc2 ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine, na protini ikibandikwa fosfeti hubadili kazi, kama mtu aliyevalishwa sare. Kikiamka kinabandika mamia ya protini kwa muda mfupi: kromosomu zinajikunja, nyuzi za kuzivuta zinajengwa, kiini kinajiandaa kugawanyika. Breki ya wee1 hufanya kazi kwa kumbandika cdc2 mwenyewe fosfeti mahali pabaya, na hapo cdc2 hulala. Protini nyingine, cdc25, huibandua fosfeti hiyo. Katika seli changa breki inashinda. Katika seli iliyokomaa mbanduaji anashinda, na mgawanyiko unaanza kwa ghafla, kama mzani wa sokoni unaopinduka kwa punje moja ya mwisho.

Je, haya yalikuwa mambo ya hamira tu? Mwaka 1982 Nurse na David Beach walionyesha kwamba hamira ya mkate inayo jeni inayoweza kushika nafasi ya cdc2 ndani ya hamira ya pombe, nayo ni ile ambayo Hartwell alikuwa ameipa namba 28. Lakini hamira na hamira ni ndugu, watu wakasema. Basi katika maabara ya utafiti wa saratani mjini London, ambako Nurse alikuwa amehamia, Melanie Lee akajaribu jambo ambalo wengi hawakutegemea lifaulu. Alichukua hamira ya pombe yenye cdc2 mbovu, seli zisizoweza kujigawa kwenye joto. Akazitilia vipande vya DNA ya binadamu, kila seli na kipande chake, wala hakujua kipi ni kipi. Halafu akazipandishia joto akasubiri. Nyingi zikawa tambi na kufa. Chache zikaanza kugawanyika, zikafanya kundi.

Kipande cha DNA kilichokuwa ndani ya seli hizo kilipotolewa na kusomwa, kilikuwa jeni ya binadamu, na protini yake ililingana na ile ya hamira katika viungo 63 kati ya kila 100. Ilikuwa mwaka 1987. Babu wa mwisho tuliyechangia na hamira aliishi zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Katika muda wote huo mabara yamehama na viumbe vimepata macho, mbawa na lugha, lakini ufunguo wa kugawanya seli umebaki uleule, kiasi kwamba wa mtu unaingia katika kufuli ya hamira na kuifungua. Kila ninapofika hapa katika habari hii huhisi kama nimesimuliwa kwa mara ya kwanza.

Kipande kilichosalia kilitoka baharini na bwawani. Yule mnyama wa miiba mirefu anayewachoma miguu wavuvi kwenye miamba ana jamaa zake katika bahari zote. Mwaka 1982 Mwingereza Tim Hunt, akiwa Woods Hole katika pwani ya Marekani, aliyatazama mayai ya mnyama huyo yakigawanyika baada ya kurutubishwa. Protini moja ilikuwa inaongezeka, inaongezeka, halafu mgawanyiko ulipofika ikatoweka karibu yote. Ikaanza kujikusanya tena, ikatoweka tena. Nyakati hizo hakuna aliyefikiri kwamba seli hujenga kitu kwa bidii kisha hukivunja kwa makusudi kila mzunguko. Hunt aliiita saikilini, na baadaye ikajulikana kuwa ni mwenzi wa cdc2: bila saikilini cdc2 hakifanyi kazi, na saikilini ikivunjwa, mgawanyiko unakoma na seli mpya zinaanza mwanzo. Yoshio Masui, Mjapani aliyefanya kazi Toronto, alikuwa ameonyesha tangu 1971 kwamba ute wa yai la chura lililokomaa, ukidungwa katika yai changa, hulilazimisha nalo likomae. Mwaka 1988 kitu hicho kilisafishwa kutoka mayai ya chura, na kilipochunguzwa kikawa ni cdc2 na saikilini wameshikana.

Oktoba 2001 Hartwell, Hunt na Nurse walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Tuzo hiyo haigawiwi zaidi ya watu watatu, na Masui akabaki nje. Naona alistahili kuwamo. Miaka mitatu kabla ya hapo Masui, Hartwell na Nurse walikuwa wametunukiwa pamoja Tuzo ya Lasker ya Marekani. Mwaka 2002 jenomu nzima ya hamira ya pombe ikachapishwa: kromosomu tatu, na jeni 4,824 za kutengeneza protini. Leo kuna hifadhidata yake kubwa mtandaoni iitwayo PomBase. Watafiti wa Tokyo, Lausanne na New York hutamka neno pombe kila siku kazini.

Matumizi yake nayo yamefika hospitalini. Saratani ni seli zinazojigawa bila kusubiri ruhusa, na binadamu tunavyo vimeng'enya kadhaa vya ukoo wa cdc2, kila kimoja kwenye kituo chake. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya saratani ya matiti inayofanya kazi kwa kuvizuia viwili vya ukoo huo, ili seli isitoke katika kituo cha kwanza.

Swali la Hartmann, yule wa amiba, halijafungwa. Seli hujipima kwa nini hasa? Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ndani ya hamira ya pombe kuna protini inayokaa kwenye ncha zake na kupungua kuelekea katikati. Seli ikiwa fupi, protini hiyo hufika katikati na kuiacha breki ya wee1 ifanye kazi. Seli ikirefuka, ncha zinakuwa mbali na breki inalegea. Lilikuwa jibu zuri, nami nililipenda. Lakini seli zilizoondolewa mpangilio huo wa ncha hadi katikati zimeonekana bado zinajigawa kwa ukubwa usiotangatanga sana. Wengine sasa wanapima eneo la ngozi ya seli, wengine wanaifuatilia cdc25 inavyoongezeka kadiri seli inavyokua.

Kuna jambo moja ambalo Nurse na mwenzake Peter Fantes walilithibitisha tangu mwaka 1977, na kila mpishi wa pombe ameliishi asilione. Kimo cha kugawanyika hutegemea chakula. Mahali penye chakula duni hamira hujigawa ikiwa fupi, na chakula kikiisha husimama kabisa. Seli zilizolala katika mashapo, chini ya mtungi uliokwisha kunywewa, ni fupi na zimetulia. Siku mpishi atakaporudi na uji mpya hazitakimbilia kujigawa. Kwa saa ya kwanza na zaidi mtungi utakaa kimya, na chini yake kila seli itakuwa inarefuka kwenye ncha, inakitafuta kimo kipya kinacholingana na utamu ulioingia. Na ikishakifikia itaacha kurefuka, na ukuta utaanza kujengwa katikati.